Farasi Mweupe Majini: Tathmini ya Picha ya Kidijitali Iliyoungwa kwa Vipande

Picha ninayoitathmini hapa ni ya farasi mweupe anayekwenda shoti katika maji ya kina kifupi wakati jua linapotua, na imeundwa kwenye kompyuta kwa kuunganisha picha nne za kamera na sehemu kadhaa zilizochorwa kwa kalamu ya kidijitali. Nilinunua faili lake lenye pikseli 4961 kwa 3508, kipimo kinachotosha kuchapisha karatasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Pamoja nalo ulikuja ujumbe mfupi wa msanii, akiwaomba wanunuzi wamweleze bila kumficha ni nini kirekebishwe kabla hajatoa toleo la pili. Nimelichukua ombi hilo kwa uzito. Nimekaa na picha hii kwa wiki mbili, nikaitazama ikiwa ndogo kama stempu na ikiwa imekuzwa mara mbili, nikaigeuza kulia kushoto, nikaiondolea rangi zote ikabaki ya kijivu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Niseme uamuzi wangu mapema kwa faida ya anayefikiria kununua. Kwa kutazamwa kwenye skrini ya simu au ya kompyuta, picha hii inastahili. Ina hisia, ina mwendo, na singa za farasi, yaani nywele zake ndefu za shingoni, zimechorwa na mtu mwenye subira na jicho kali. Kwa kuchapishwa na kutundikwa ukutani, ningemshauri mtu asubiri toleo la pili, kwa sababu picha ikishakuwa kubwa jicho linaanza kuuliza maswali ambayo toleo hili halina majibu yake. Karibu maswali hayo yote yana chimbuko moja: farasi na mahali alipowekwa bado havijakaa chini ya jua moja wala juu ya maji mamoja.

Kila kasoro nitakayoitaja nitasema ilipo, kwa nini inasumbua na namna inavyoweza kuondolewa, kwa kuwa nimewahi kuwa upande wa pili. Picha yangu ya kwanza ya aina hii ilipokewa na marafiki kwa maneno "nzuri sana", na mtu mmoja akasema tu kwamba haina uhalisia. Ilipita miezi mingi kabla sijagundua mwenyewe kwamba kivuli cha farasi wangu kilikuwa kimeelekea upande uleule lilikokuwa jua. Yule mtu alisema kweli, lakini kauli yake haikunionyesha mahali pa kuweka brashi.

Singa ndizo fahari ya kazi hii. Katika picha nyingi za namna hii singa huchorwa kama utepe mmoja mpana, au huwa nyuzi za unene mmoja zilizopangwa kama meno ya kitana, na farasi huishia kuonekana amevishwa nywele za bandia. Hapa msanii amefuata jinsi singa zinavyoota hasa. Zinaanzia kwenye ukingo wa juu wa shingo zikiwa mafungu mazito yenye kivuli kwenye mashina, kisha kila fungu linagawanyika katika nyuzi zinazopungua unene mpaka ncha zipotelee hewani. Nilipokuza sehemu iliyo juu ya bega niliona nyuzi tatu zilizorudi nyuma dhidi ya mkondo na kukatiza mbele ya fungu kubwa, kama upepo unavyofanya, na nyuzi hizo tatu zinaleta uhai kuliko mamia yaliyolala upande mmoja. Mkia nao umefuata mwendo huohuo.

Ningemwomba msanii asiguse chochote hapo isipokuwa sehemu moja ndogo. Kwenye singa za paji la uso, katikati ya masikio, umebaki ukingo mwembamba wa kijivu uliotoka kwenye mbingu ya picha ya asili. Ukingo huo hauonekani mbele ya wingu jeupe, lakini unajitokeza wazi pale masikio yanapopita mbele ya mlima wa bluu nzito. Dawa yake si kifutio. Arudi kwenye tabaka la farasi (picha hizi huundwa kwa matabaka yaliyolazwa juu ya mengine) na kwenye maski yake, yaani kificho kinachoamua sehemu gani ya tabaka ionekane, aisogeze ndani kwa pikseli moja au mbili, kisha achore upya nywele chache zinazovuka mpaka huo kwa rangi iliyochukuliwa kwenye singa zenyewe.

Tatizo kubwa ni mwanga. Jua la picha hii liko chini sana, karibu kugusa maji, nyuma ya farasi na upande wa kulia. Farasi mwenyewe alipigwa picha saa sita mchana au karibu na hapo: mgongo wake unang'aa, tumbo lina giza, na chini ya taya kuna kivuli kilichoanguka wima kwenye koo. Ni dhahiri kwamba msanii aliliona tatizo hilo, maana amemfunika farasi mzima kwa tabaka la rangi ya machungwa ili afanane na machweo, lakini rangi haiwezi kufanya kazi ya mwelekeo. Jua likiwa nyuma ya mnyama, ubavu unaotutazama sisi uko kivulini, na manyoya meupe yaliyo kivulini si meupe tena. Huchukua rangi ya mbingu inayoyaangazia, bluu iliyofifia au zambarau ya jioni, na hupoa kiasi kwamba sehemu ya mbingu iliyo karibu na jua inayazidi mwangaza kwa mbali.

Kwa hiyo ningeanza kwa kuliondoa lile tabaka la machungwa. Kisha ningeushusha mwangaza wa mwili mzima, hasa mgongoni, kwa tabaka la marekebisho lenye maski, na kuutia bluu kidogo. Baada ya hapo ndipo ningechora uzi wa dhahabu pale tu ambapo jua la nyuma lingefika: juu ya matako, kwenye ukingo wa nyuma wa miguu ya nyuma, kwenye mstari wa juu wa shingo na kwenye kingo za masikio. Uzi huo usiwe na unene mmoja. Hupanuka pale mwili unapojipinda taratibu, huwa mwembamba kama wembe pale unapojikunja ghafla, na hukatika kabisa pale fungu la singa linapoukinga. Singa zenyewe hupitisha mwanga, na hapo ndipo msanii mwenye mkono kama huu angetuonyesha jambo ambalo wengi hawaliwezi: ncha za nyuzi zilizo kati yetu na jua zingewaka, huku mashina yake yakibaki na giza.

Nilipoiondolea picha rangi, farasi alibaki ndiye mwenye mwangaza kuliko vyote, akilishinda hata jua lenyewe. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, nami namshauri msanii aweke tabaka moja la kijivu juu ya mengine yote, aliwashe na kulizima kila baada ya muda anapofanya kazi, kwa kuwa rangi nzuri huficha makosa ya mwanga kwa urahisi mkubwa.

Kuhusu miguu nitakaa kidogo, maana ndipo picha inapopata au kupoteza imani ya mtazamaji anayewajua farasi. Farasi aliyetumiwa amenaswa katika ile nukta ya shoti ambapo miguu yote minne imekusanyika chini ya tumbo na hakuna ukwato unaogusa chini. Kwa karne nyingi wachoraji hawakuweza kuinasa nukta hiyo kwa macho matupu. Théodore Géricault, aliyechora mbio za farasi za Epsom mwaka 1821 katika picha iliyoko sasa kwenye jumba la makumbusho la Louvre, aliwanyoosha farasi wake miguu ya mbele ikaenda mbele na ya nyuma ikaenda nyuma, wakielea juu ya nyasi, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wa wakati wake. Mwezi Juni mwaka 1878 mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio huko Palo Alto, California, na picha zake zikaonyesha kwamba farasi anayekwenda shoti huwa hewani kweli, lakini miguu ikiwa imekunjwa chini ya mwili, si ikiwa imenyooshwa.

Msanii wetu amechagua picha inayolingana kabisa na ukweli huo, kisha akazizamisha kwato majini hadi kwenye vifundo na kuchora maji yakiruka mbele ya miguu ya mbele, kana kwamba ndiyo kwanza imetua. Mambo hayo mawili hayawezi kutokea kwa wakati mmoja. Farasi aliye hewani harushi maji. Maji yanayoonekana ni yale aliyoyarusha kwa hatua zilizopita, nayo tayari yamebaki nyuma kidogo na yanaanguka.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza, ambayo mimi ningeichagua, ni kumkubali farasi kama alivyo: kumwinua juu ya maji, kuacha nafasi kati ya kwato na uso wa maji, kuchora matone yanayodondoka kutoka kwenye kwato, na kuweka viwimbi vya mviringo vinavyopanuka nyuma yake pale alipokanyaga mara ya mwisho. Picha ingepata wepesi ambao toleo la sasa linautafuta kwa ukungu na vimetameta bila kuupata. Njia ya pili ni kutafuta picha nyingine ya farasi, ambaye mguu mmoja wa mbele umekanyaga na kubeba uzito, kifundo kikiwa kimebonyea kuelekea chini. Hapo maji yanaweza kuruka kwa nguvu kuuzunguka mguu huo mmoja, nayo yaruke pande zote, si kama ukuta ulionyooka ulioko sasa.

Njia yoyote atakayoifuata, mahali popote mguu unapokutana na maji panahitaji kuchorwa upya. Nilikuza mguu wa mbele wa kushoto nikakuta maji yameukata kwa mstari ulionyooka kama uliopitishwa mkasi, bila povu, bila duara, bila dalili kwamba maji yameguswa na kitu. Manyoya nayo ni makavu na meupe mpaka yanapozama. Manyoya meupe yakilowa hulala na kushikana, na ngozi nyeusi iliyo chini yake huanza kuonekana, kwa hiyo mguu huu ulipaswa kuwa na kijivu cha majimaji kuanzia goti kwenda chini, na matone machache kwenye tumbo.

Huenda mtu akadhani ninasisitiza mno jambo dogo. Mchoraji George Stubbs alipomchora farasi aitwaye Whistlejacket mnamo mwaka 1762 hivi, kwa kimo kinachokaribia cha farasi halisi, katika picha inayotunzwa na National Gallery jijini London, hakuweka nyasi, miti wala mbingu. Nyuma ya farasi kuna rangi moja tupu. Kinachomfanya asimame badala ya kuning'inia hewani ni vivuli vidogo kwenye kwato zake za nyuma, na vivuli hivyo vinambeba mnyama mzima. Katika picha ninayoitathmini kuna milima, mawingu, ndege, ukungu na bahari ya mwanga, na bado farasi ananing'inia.

Taswira ya farasi majini, yaani sura yake inayoakisiwa na maji, imetengenezwa kwa kumnakili na kumgeuza juu chini. Wengi hufanya hivyo, na kamera ikiwa chini kabisa, karibu na uso wa maji, tofauti haionekani sana. Kamera inapopanda, maji huonyesha kile ambacho jicho lililo chini ya maji lingekiona: tumbo, upande wa ndani wa mapaja, uvungu wa taya, nyayo za kwato. Mgongo haupaswi kuonekana ndani ya taswira hiyo, na hapa unaonekana wote. Si lazima msanii atafute picha ya farasi iliyopigwa kutoka chini. Inatosha kuiminya taswira iliyogeuzwa ipungue kimo, kuuficha mgongo, kulichora tumbo kwa giza, kisha kuivunja taswira yote kwa mistari ya mlalo inayofuata mawimbi. Na kama atamwinua farasi hewani nilivyopendekeza, taswira nayo ishuke chini ya uso wa maji kwa umbali uleule, ili pengo kati ya ukwato na taswira yake liwe mara mbili ya kimo cha ukwato juu ya maji. Lile doa jeusi lililowekwa chini ya tumbo kama kivuli lifutwe kabisa. Ni kivuli cha saa sita mchana, ilhali jua la nyuma lingekileta kivuli upande wetu, kirefu na kilichofifia.

Upeo wa macho pia unahitaji kusogezwa. Kwenye uwanda ulio sawa, kama maji haya, mstari wa upeo hukata kila kilichosimama juu yake katika kimo cha kamera, kiwe karibu au mbali. Hapa mstari huo unapita kwenye magoti ya farasi, maana yake mpigapicha alikuwa amechuchumaa. Lakini tunauona upana wa mgongo wa farasi na sehemu ya juu ya matako yake, jambo ambalo aliyechuchumaa hawezi kuliona. Ni wazi kwamba picha ya asili ilipigwa na mtu aliyesimama mahali palipoinuka. Farasi ashushwe kwenye fremu mpaka mgongo wake uwe chini kidogo ya mstari wa upeo, na maji ya mbele yaongezwe ikiwa nafasi haitoshi.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa kuliko yote. Picha inataka kutuonyesha farasi huru: hana tandiko, hana mpandaji, hana hatamu. Lakini hatamu zilikuwepo kwenye picha ya asili, zimefutwa, na farasi bado anazitii. Pembe ya mdomo imevutwa nyuma na kukunjamana, midomo imeachana kidogo, na kidevu kimebanwa kuelekea kifuani, kama inavyokuwa farasi anapovutwa kwa lijamu, kile chuma cha mdomoni. Kwenye shavu, pale ulipopita ukanda, kuna kipande kidogo cha manyoya kilichonakiliwa mara tatu mfululizo, na marudio yake yanaonekana bila hata kukuza picha sana. Kwenye ukwato wa nyuma ulio upande wetu umebaki mng'ao wa kiatu cha chuma. Mtu asiyewahi kukaa karibu na farasi huenda asitaje hata kimoja kati ya vitu hivyo, lakini atahisi kwamba furaha ya mnyama huyu haijakamilika bila kujua kwa nini. Anayewajua ataona papo hapo farasi anayevutwa na mkono uliofichwa.

Farasi anayekimbia kwa hiari yake hunyoosha shingo na kupeleka pua mbele, midomo imefungwa, matundu ya pua yamepanuka. Ningependa sana msanii atafute kichwa kutoka kwenye picha ya farasi aliyeachiliwa uwanjani, kilichopigwa kwa pembe ileile na, ikiwezekana, jua likiwa nyuma. Kiungo kipite nyuma ya taya, mahali ambapo singa alizozichora vizuri namna ile zitakifunika. Asipokipata, basi afunge midomo kwa brashi, aondoe mikunjo kwenye pembe ya mdomo, akinyanyue kidevu kidogo kwa zana ya kupinda umbo, na akichore upya kipande cha shavu kwa nywele fupi zinazofuata mwelekeo wa uso badala ya kunakili. Kile chuma kwenye ukwato ni kazi ya dakika mbili.

Usoni kuna jambo jingine linalotokana na pupa ya kumfanya farasi awe mweupe. Farasi wengi tunaowaita weupe huzaliwa na rangi ya giza, kisha manyoya yao hupauka mwaka hadi mwaka huku ngozi ikibaki nyeusi, na ndiyo maana pua, midomo na kingo za macho yao huwa na kijivu kizito. Msanii ameipausha pua mpaka ikawa kama chokaa, na uso umepoteza umbo, kwa kuwa kijivu kile ndicho kilichokuwa kinatuonyesha tundu la pua linaanzia wapi na mdomo unaishia wapi. Arudishe giza hilo kwa kufungua maski ya tabaka la kupausha sehemu za pua na macho tu. Jicho nalo limepewa mboni ya duara na nyota nyeupe katikati. Mboni ya farasi imelala, ni ndefu kwa upana, na mng'ao wake huonyesha kilicho mbele yake, yaani mstari wa mbingu ya jioni na giza la ardhi chini yake. Jicho la asili lilikuwa zuri. Bado linaonekana kwenye kingo za lile lililochorwa juu yake.

Yaliyobaki ni madogo. Farasi ana punje za kamera, yaani chembechembe ndogo zinazobaki kwenye picha iliyopigwa, singa ni laini kama kioo, na mbingu haina punje yoyote, kwa hiyo tabaka moja la punje nyepesi juu ya picha nzima lingezipatanisha sehemu hizo. Ndege wa mbali wana kingo kali kuliko jicho la farasi, nao wafifishwe. Upande wa juu kushoto mbingu imegawanyika katika ngazi za rangi, kasoro inayotokea mara nyingi faili linapofanyiwa kazi kwa biti 8, yaani likiwa na ngazi chache za rangi. Biti 16 pamoja na zile punje zitaiondoa. Vimetameta vilivyotawanywa kuzunguka singa ningeviondoa vyote, maana vinaifunika kazi bora kuliko zote kwenye picha.

Wapo watakaosema kwamba picha iliyoungwa si upigaji picha wala si uchoraji, na kwamba kuipima kwa undani kiasi hiki ni kuipa hadhi isiyostahili. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1857 mpigapicha Oscar Rejlander aliunga negatifu zaidi ya 30 kuwa picha moja, na mwaka uliofuata mwenzake Henry Peach Robinson akaunga tano, nao walikuwa wakishindana na tatizo hilihili la mwanga na kingo, wakifanya kazi kwenye chumba cha giza, ambako kosa moja lilimaanisha kuchapisha upya. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilipotolewa mwaka 1990 haikuwa na matabaka; yaliingia na toleo la 3.0 mwaka 1994. Msanii wa leo ana nafasi ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo, na huyu ameeleza kwenye ujumbe wake kwamba amelitunza faili lenye matabaka yote. Hakuna hata moja kati ya niliyoyapendekeza linalomlazimu kuanza upya.

Kama mnunuzi, nimpongeze pia kwa jambo ambalo wengi hulipuuza. Pamoja na picha nilipata orodha ya picha zote nne alizozitumia, wapigapicha wake, na ruhusa aliyopewa kwa kila moja, ikitaja waziwazi kwamba inahusu pia kazi za kuuzwa. Ruhusa ya kuonyesha picha na ruhusa ya kuiuza si kitu kimoja, na kazi nyingi za farasi zinazouzwa zimetengenezwa kwa picha zilizochukuliwa bila kuomba. Nilipoisoma orodha hiyo nilijua nimemlipa mtu anayewaheshimu wenzake.

Akiwa na jioni tatu, ya kwanza aitumie kwenye mwanga wa mwili, ya pili kwenye miguu na maji, ya tatu kwenye kichwa. Akiwa na moja tu, aitumie kwenye kichwa, kwa sababu mwanga usio sahihi mtazamaji anaweza kuusamehe, lakini mdomo ule unanirudia kila ninapoifungua picha. Toleo nililonalo nimelichapisha kwa ukubwa wa kadi ya posta, nikakata upande wa singa peke yake kuanzia begani hadi kwenye ncha zinazopotelea hewani, na liko juu ya meza ninapoandikia. Nafasi ya ukutani nimeiacha wazi, na toleo la pili likitoka nitalilipia bei kamili.